Mafuta ya Breki Si Mafuta

Ninyi vijana mnaofungua breki za malori ya zamani pale jua kali Kakamega, mmeniomba maneno machache, na mwenyekiti wenu akanisihi niwe mpole. Sitakuwa mpole. Nimefanya kazi ya breki miaka thelathini na minne, kwanza katika yadi ya malori ya miwa huku Ekero, halafu kwenye kibanda changu mwenyewe, na sikumbuki siku ambayo upole ulisimamisha lori.

Nianze na jina, maana uharibifu huanzia hapo. Tunasema mafuta ya breki. Mtu akisikia mafuta, anawaza ya injini, ya gia, hata ya kupikia, na kopo la breki likiisha anatazama huku na huku aone ni mafuta gani mengine yapo karibu. Kilicho ndani ya kopo, liwe limeandikwa DOT 3 au DOT 4, si mafuta hata kidogo; mimi nakiita dawa. Kitie kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge. Kitayeyukia humo kama sukari. Mafuta yenyewe yangeelea juu. Jambo hili dogo lingejulikana na kila mtu anayeshika spana, mimi nisingefutwa kazi.

Juzi mmoja wenu aliniambia, "Mama Mariamu, hizo ni mambo za zamani. Siku hizi yote ni moja." Nikamwuliza nani kasema. Akanionyesha simu. Simu yake haijawahi kushuka mteremko wa Kiboswa na tani saba mgongoni.

Mimi niliingia yadi kama karani wa stoo, si fundi. Fundi wa breki alikuwa mzee Saidi, mtu wa Mumias, mpole wa sauti, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Asubuhi alikuwa akisimama mlangoni kwangu, "Asalaam aleikum, binti yangu, hebu nisomee hii." Namsomea kopo. Kesho yake tena. Baadaye akaniita nimsomee maandishi ya kifuniko cha kikopo cha breki chini ya boneti, halafu namba iliyo kwenye raba mpya, halafu akaniambia kwa kuwa niko huku chini tayari, nishike spana hii nizungushe pole pole. Hivyo ndivyo nilivyokuwa fundi. Hakuna aliyetangaza. Wanaume wa yadi walicheka mwezi mmoja, wakachoka.

Saidi alinifundisha kusoma kifuniko kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Aliyetengeneza lori ndiye aliyechagua raba zilizo ndani, na raba ndizo zinazoamua zinywe nini. Kama kifuniko kinasema DOT 3, weka DOT 3. Kama kinasema DOT 4, weka hiyo. Kifuniko kikiwa kimepotea na mahali pake pamefungwa karatasi ya nailoni, kama nilivyoona mara nyingi, usikisie. Mtafute aliyelitengeneza mwisho, umwulize. Usipompata, mwaga yote, toa raba zote kuanzia masta silinda inayosukumwa na pedeli mpaka magurudumu, safisha, weka raba mpya unazozijua, ndipo utie dawa inayozifaa. Mwenye lori atalalamika. Mwache alalamike.

Lakini kuna jambo ambalo Saidi alinifundisha na mimi nikalichukua kimzaha, nalo ni kufunga kopo. Dawa ya breki inapenda maji kupita kiasi. Inayavuta hewani. Na hewa yetu mnaijua. Kuanzia mwezi wa nne mvua inapiga kila alasiri, na nguo uliyoanika asubuhi inakuwa mbichi jioni. Nilikuwa na kopo kubwa nimelifungua, kifuniko kimepotea, nikaziba mdomo wake kwa kitambaa. Likakaa wiki kadhaa. Nilipotakiwa kuhudumia lori la Makokha nikatumia hilo hilo. Rangi yake ilikuwa nzuri tu. Nikatoa hewa kwenye paipu, pedeli ikawa ngumu, nikajisifu.

Makokha alikuwa dereva wa Matungu, mwembamba, asiyependa maneno. Kesho yake alipakia magunia ya sukari kwenda Kisumu. Akikaribia chini ya mteremko wa Kiboswa, baada ya kushika breki kwa muda mrefu, pedeli ikazama hadi sakafuni kama amekanyaga uji. Akarudisha gia mpaka injini ikapiga kelele, akalipeleka lori kwenye ukingo wa udongo. Alivunjika mfupa wa bega. Hakuna mwingine aliyeumia.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hili bado linawahangaisha mafundi. Lori lilipovutwa hadi yadi, pedeli ilikuwa ngumu kabisa. Wakakagua, hawakuona kasoro. Ofisi ikasema Makokha alisinzia, na barua ya kumsimamisha ikaandikwa. Lakini Makokha alikuwa macho. Maji yaliyokuwa ndani ya dawa yalichemka kwa joto la magurudumu, yakawa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Magurudumu yakapoa, mvuke ukarudi kuwa maji, na breki ikarudi kama vile haijawahi kuondoka.

Saidi alinieleza hayo tukiwa tumechuchumaa kando ya lile lori. Hakunilaumu. Alilitazama tu kopo langu lenye kitambaa mdomoni. Nilikaa na jambo hilo siku mbili tumboni, na siku ya tatu nikaenda ofisini nikasema kosa ni langu, dereva hakusinzia. Nilipewa barua ya onyo, ya kwake ikachanwa.

Nikaenda kumwona Makokha kwake Matungu. Alikuwa ameketi nje, mkono umefungwa shingoni, mkewe ameweka obusuma, ugali wetu, na mboga mbele yake. Nikaanza kuomba msamaha, akanikatiza.

"Wachana na hayo. Ungenyamaza, nani angejua?"

"Hakuna."

"Basi. Kuanzia leo ni wewe utaniambia kama gari inaenda ama inakaa. Ukisema inaenda, naenda. Ukisema inakaa, inakaa, hata akuje nani."

Sikuwahi tena kutumia kopo lililokaa wazi. Nilinunua makopo madogo, nikafungua moja, nikatumia, dawa iliyobaki nikaimwaga mbali na rangi ya gari maana inakula rangi. Nilibadilisha dawa yote ya kila lori kila mwaka kabla ya mvua ndefu. Vitabu vingine vinasema miaka miwili. Walioviandika hawaishi hapa.

Miaka ikapita, Saidi akastaafu, breki zote zikawa chini yangu. Akaja meneja mpya. Sitamtaja jina, na sitaki mumchukie. Alikuwa kijana msomi, mchapakazi, aliyevaa ovaroli yake mwenyewe na kuingia chini ya magari. Tatizo lake ni kwamba alijua mengi kwa haraka. Malori yetu ya zamani hayakuwa na breki za upepo. Yalikuwa ya breki za haidroliki, yaani msukumo wa kimiminika ndani ya paipu. Na yadi ilikuwa na mapipa ya mafuta ya haidroliki kwa ajili ya matrekta. Siku ya Jumatatu aliniita akaweka mkono juu ya pipa.

"Mariamu, hizi breki ni za nini?"

"Za haidroliki."

"Na haya?"

"Ni mafuta ya haidroliki, lakini ni ya trekta. Raba za lori hazitayapenda."

"Raba zinapenda na kuchukia?"

Wenzangu wakacheka. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa aibu. Akaniuliza nina cheti gani, nikasema sina. Akasema kuanzia wiki hiyo malori yote yatiwe mafuta ya pipa lile.

Nilirudi stoo nikachukua chupa mbili za jamu. Moja nikaitia DOT 3, nyingine mafuta ya pipa. Katika kila chupa nikatumbukiza raba mpya ya breki, zote mbili za paketi moja. Nikazifunga nikaziweka rafuni. Kisha nikafanya kazi yangu kama kawaida, na kila lori lililokuja kwangu nililitia DOT 3 niliyokuwa nayo, bila kumwuliza mtu.

Alhamisi sikuwa kazini, nilimpeleka mtoto kliniki. Siku hiyo meneja alimwambia fundi mwingine abadilishe lori moja, lile la Makokha, kwa sababu lilikuwa limeombwa kwa mazishi.

Mzee Wesonga, msimamizi wa wapakiaji miwa, alikuwa amefariki. Yadi ilitoa lori liwachukue waombolezaji Jumamosi kutoka Ekero hadi mochari ya Kakamega, lichukue mwili, lirudi nao hadi nyumbani kwake Matungu. Mjane wake, Mama Rispa, alikuwa jirani yangu. Watoto wetu walisoma darasa moja.

Jumamosi asubuhi nilifika yadi nimevaa leso yangu ya msiba, maana nami nilikuwa wa kupanda lori hilo. Waombolezaji walikuwa wameshajaa ndani, karibu hamsini, kwaya ya kanisa imevaa sare, wazee wameketi kwenye viti vya plastiki. Nikapita stoo kuchukua mwavuli. Chupa zikanitazama. Ya kwanza, raba ilikuwa vile vile. Ya pili, raba ilikuwa imevimba, laini, mdomo wake umepinduka. Nikaibana kwa vidole, ikateleza kama nyama.

Nikatoka na chupa hiyo nikamkuta yule fundi mwingine. "Lori la Makokha umeweka nini?"

"Ya pipa. Juzi. Meneja alisema."

Mjue maana yake. Raba ikivimba ndani ya masta silinda, inaziba kitundu ambacho dawa hupitia kurudi. Unakanyaga breki, haikuachilii. Magurudumu yanashika, yanachemka, na raba zenyewe zinaanza kukatika. Zikikatika, huna kitu. Kati ya Kakamega na Matungu kuna miteremko ya madaraja ambayo hata baiskeli huiogopa.

Nilienda kwa Makokha, alikuwa anafuta kioo. Nikamwambia, "Hii inakaa."

Alinitazama, akaitazama chupa. Akachomoa ufunguo akautia mfukoni mwangu.

Meneja akaja. Nikamwonyesha raba. Akasema hiyo ni chupa ya jamu, hii ni lori, na limetengenezwa juzi tu. Akatoa ufunguo wa akiba, akapanda mwenyewe na watu wakiwa bado ndani, akaliendesha akazunguka yadi mara tatu. Akalisimamisha hatua mbili mbele yangu. Breki zilishika vizuri kabisa. Watu walipiga makofi.

"Umeona?" akasema. "Nitawapeleka mwenyewe."

Mama Rispa alishuka. Alikuwa na kitambaa cheupe kichwani. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Mariamu, mume wangu yuko kwa friji Kakamega. Kaburi iko wazi. Mvua inakuja. Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, Mama Rispa. Mkishuka daraja na hii gari mtakufa."

"Imesimama. Sisi wote tumeona imesimama."

"Imesimama ikiwa baridi."

"Uko na uhakika?"

Ningesema ndiyo, lakini sikuwa na uhakika. Raba ya chupani ilikuwa imekaa siku tano, ya lori siku mbili. Pengine ingefika Kakamega na kurudi. Pengine ingefika mara kumi. Nikamwambia ukweli, kwamba sina uhakika, na kwamba mtu asiye na uhakika na breki hapakii watu hamsini.

Aliuachia mkono wangu. Mzee mmoja kutoka nyuma akasema, "Mwanamke anazuia maiti kwa sababu ya chupa ya jamu." Wengine wakaanza kunung'unika, na nikasikia jina la mama yangu likitajwa. Meneja akawasha injini.

Sikufikiri tena. Nilifunga leso kiunoni, nikachukua spana, nikaingia chini ya lori. Nilimsikia Makokha akisimama mbele ya bampa akisema, "Bosi, kuna mtu chini." Nikafika gurudumu la nyuma, nikalegeza skrubu ndogo ya kutolea hewa, nikaitoa kabisa nikaitupa kwenye nyasi. Nikamwambia meneja akanyage breki. Akakanyaga. Mafuta yakaruka yakalowesha mkono wangu hadi kwenye kiwiko, na pedeli ikazama; lori lisingeondoka tena.

Nilipotoka nikajifuta mkono kwa leso. Meneja alishuka, uso umebadilika. Aliniambia niache spana, niache ufunguo, nisirudi. Sikubishana naye.

Makokha alienda kwa mfanyabiashara mmoja wa Ekero akaomba pikapu, akaenda Kakamega na Mama Rispa na watu wawili kuchukua mwili. Waliobaki, wengine walipanda trela la trekta la miwa, wengi wakatembea hadi Matungu. Nami nilitembea, nyuma yao. Mvua ilitunyeshea tangu Ekero. Kwaya haikuimba. Mzee Wesonga alizikwa alasiri sana, kaburi likiwa na maji, na watu wakasema ni mimi. Chakula kilipopakuliwa, sahani zilinipita. Nilikaa mpaka mwisho. Alikuwa rafiki yangu pia.

Jumatatu Makokha alinitumia ujumbe niende yadi, nisimame nje ya uzio. Walikuwa wamefungua masta silinda ya lori lile juu ya benchi. Raba haikutoka kwa kuvuta wala kwa upepo. Ilibidi waisukume kwa mti na nyundo, ikatoka imeumuka kama andazi. Meneja aliishika kiganjani muda mrefu. Kisha akaja hadi kwenye uzio.

"Ulikuwa sawa," akasema. "Lakini ulivunja amri mbele ya watu. Siwezi kukurudisha."

Nikamwambia sikuomba kurudishwa, ila amwage yale mafuta yote, asafishe paipu kwa spiriti, si kwa petroli wala dizeli, na atupe kila raba iliyoguswa, hata ile inayoonekana nzima. Alifanya hivyo. Nampa sifa yake.

Nikajenga kibanda cha mabati kando ya barabara ya Ekero, nikaandika kwa rangi nyekundu: BREKI TU. Watu walisema nitakufa njaa. Nimesomesha watoto watatu pale.

Kwa hiyo msiniambie namba kubwa ndiyo bora. DOT 4 inastahimili joto kuliko DOT 3 ikiwa mpya, na zinachanganyika bila ugomvi, lakini lori la zamani lililoagiziwa DOT 3 litafaidika zaidi na DOT 3 mpya ya mwaka huu kuliko DOT 4 iliyokaa wazi kwenye rafu yako. DOT 5 ni kitu kingine, ni silikoni, haichanganyiki na ndugu zake hao. Usiitie. Na 5.1, pamoja na jina lake la kuchanganya, ni ya ukoo wa 3 na 4. Msiitazame rangi, rangi hutiwa na kiwanda. Dawa mliyoitoa wakati wa kutoa hewa msiirudishe kwenye kopo, hata ikiwa safi kama chai ya rangi. Mwenye lori akiwaharakisha, mwambieni apande mwenyewe na mkewe na watoto, kisha mwone kama bado ana haraka.

Na mkikataa kuachilia gari, msitegemee shukrani. Hili ndilo hamtaambiwa chuoni. Gari ambalo halikuanguka halina ushahidi. Watu hamsini walifika Matungu kwa miguu wakiwa wamelowa, na hadi leo wako ambao wanasema Mariamu alimfanya Wesonga azikwe kwenye maji. Mimi siombi msamaha kwa hilo. Nimeulizwa kanisani kwao, nimeulizwa na ndugu zangu, nimeulizwa na mume wangu, Mungu amrehemu, kama singeweza kufanya taratibu zaidi. Singeweza.

Wiki iliyopita nilikuwa soko la Matungu. Mama Rispa ameketi kwenye meza yake ya ndizi, amezeeka kama mimi. Binti yake alikuwa pembeni akipanga mafungu, yule aliyekuwa ndani ya lori siku ile, katika sare ya kwaya, na sasa ana mtoto mgongoni. Nilisema hamjambo. Binti akaitika. Mama Rispa aligeuza uso akatazama upande wa pili, kama anavyofanyanga kila Jumanne, siku ya soko, miaka yote hii.

Na ageuze. Nilinunua ndizi kwa binti yake, mtoto akaushika mkono wangu hataki kuuachia, nikasimama pale mpaka alipochoka mwenyewe.